Chumba Kisichotaka Vumbi

Osaka, 16 Februari 1958

Kwa Shangazi Isoe,

Shikamoo, shangazi. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, wewe na baba, na theluji isiwe imewazibia mlango kama mwaka jana. Mimi sijambo, ila mafua tu, na mafua ya Osaka hayana adabu, yanaingia bila hodi. Umemwekea mama wali madhabahuni siku ya kumbukumbu yake? Najua umemwekea. Nauliza ili ujue sijasahau.

Kazini wamenihamisha. Keti kwanza ndipo usome: siku hizi nauza mabakuli ya plastiki. Nje meusi, ndani mekundu, yanang'aa, na mtu akiyaona kwa mbali ataapa ni ya mbao yaliyopakwa utomvu wa mti, yametoka kwetu Wajima. Mteja akiniuliza kama ni mazuri, namjibu kwamba ni mepesi, na hilo si uongo. Baba asijue.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mtu. Anaitwa Noboru, ni mwokaji wa mikate katika duka la kaka yake, jirani na ninapopanga. Si mtu wa maneno mengi. Akicheka hutikisika mabega kwanza, sauti inafuata baadaye. Nampenda, shangazi, na sioni sababu ya kulizungusha neno hilo. Yeye ni mtoto wa pili, jina la kwao linabaki kwa kaka yake, kwa hiyo yuko tayari kuingia nyumbani kwetu na kuchukua jina letu la Okugawa, kama baba alivyotaka siku zote.

Lakini najua sharti la baba haliishii kwenye jina. Tangu nikiwa mdogo nimemsikia akisema, "Mume wa Chizuru ndiye atakayeketi chumba cha juu baada yangu, ashike brashi, ayapake mabakuli mpako wa mwisho." Noboru hajawahi kushika brashi ila ile ya kupakia mayai juu ya mkate. Zungumza na baba, shangazi. Wewe ndiye unayejua saa zake nzuri, akishakunywa supu.

Mwanao,
Chizuru


Wajima, 9 Machi 1958

Chizuru mwanangu,

Marahaba. Nilikaa kama ulivyoagiza, na hiyo plastiki yako nimeisoma mara moja, sitairudia. Theluji imeanza kulainika. Jirani yetu muuza samaki ameteleza akavunjika kiwiko, na kesho yake akaenda sokoni na mkono mmoja huku mumewe kalala. Unajua wanavyotusema, kwamba mwanaume wa rasi yetu ya Noto kazi yake ni kustarehe. Mama yako amepata wali wake, na kipande cha samaki juu. Baba yako ni mzima kama jiwe. Analalamika tu kwamba mwanga wa siku hizi umekuwa hafifu, si kama wa zamani.

Nilimpa habari zako baada ya supu. Alimaliza kupangusa vijiti vyake. Kisha akasema, "Kazi zote zilizopo duniani, mtoto ananichagulia mtu wa unga."

Na hapo, mwanangu, lazima nimtetee kaka yangu. Bakuli linasafiri karibu mwaka mzima kabla ya kufika chumba cha juu. Mkereza analikereza, linabandikwa kitambaa ukingoni, linapakwa utomvu, linasuguliwa, linapakwa tena. Halafu kwenye mpako wa mwisho chembe moja ya vumbi ikitua kabla utomvu haujakaza, kazi ya watu wote hao inaota chunusi. Marehemu babu yako alikuwa akibaki na nguo ya ndani tu ndipo apande ngazi. Na wewe unatuletea kijana anayetimua unga kila akipiga chafya.

Hata hivyo hakusema hapana. Amesema Noboru aje mwezi wa sita, wakati wa mvua, maana utomvu wetu hukaza kwa unyevu na wakati huo unyevu ni wa bure. Tutakuwa tunayapaka mabakuli ya Bi Nagase, yule mwenye nyumba ya wageni kwenye maji ya moto kule Wakura. Aketi nasi siku chache, tuone kama utomvu utamkubali. Kuna watu hauwafanyi kitu, na kuna wengine unawakumbatia usoni mpaka mama zao hawawatambui. Mwambie asiogope. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Shangazi yako,
Isoe


Osaka, 20 Aprili 1958

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, joto limeanza. Wenzangu wa dukani wote wamekwenda kusokotwa nywele kwa mashine na wamerudi na vichwa kama kondoo. Mimi nimekataa. Nimewaambia kwetu akili ni nywele na brashi ya mpakaji pia ni nywele za binadamu, na mtengeneza brashi hanunui nywele zilizochomwa. Wamenitazama kama mwehu. Noboru anawasalimu. Siku hizi anafua nguo zake zote kila jioni, kana kwamba unga ni dhambi inayotoka kwa sabuni.

Asante kwa kifurushi. Hilo bakuli jeusi nimelitazama mpaka chai yangu ikapoa. Sikuona brashi ilipoanzia wala ilipoishia. Na barua ya baba iliyokuwa ndani yake inasema: "Litazame vizuri. Hii ndiyo kazi inayotaka kifundo cha mkono wa mwanaume. Mwanamke husugua, mwanaume hupaka." Nilikasirika, kisha nikacheka, kwa sababu imeandikwa kwa mwandiko wako. Tangu lini baba amekuajiri ukarani?

Nikuulize neno moja, shangazi. Nimekaa nawe nikisugua mabakuli kwa mkaa na maji tangu nikiwa mtoto, na ulikuwa ukiniambia vidole vyangu vinasikia. Kwa nini nisiketi mimi chumba cha juu? Nilimwuliza baba nilipomaliza shule, akacheka mpaka akakohoa. Wewe uliendelea kusugua, hukusema kitu. Nilikuja Osaka kwa sababu ya kicheko kile, na kidogo kwa sababu ya kimya chako. Leo nakuuliza wewe, simwulizi yeye.

Mwanao,
Chizuru


Wajima, 28 Juni 1958

Chizuru mwanangu,

Marahaba. Mvua haijakatika wiki nzima. Nguo hazikauki, miguu haikauki, mabakuli tu ndiyo yanayokaza. Kila mwanamke wa mji huu anailaani hewa hii na kila mpakaji anaishukuru, nami siku hizi sijui niwe upande gani. Kiwiko cha jirani kimepona. Barua yako ya mwezi wa nne niliipata. Nilikuwa na shughuli.

Noboru wako alikuja na jana ameondoka. Nakueleza yote, usije ukasikia kwa watu.

Alifika na adabu zake zote na mzigo wa mikate. Baba yako alimpa kazi nyepesi, ya kuchuja utomvu kwa karatasi. Aliikunja ile karatasi na kuikamua vizuri, hata mimi nikashangaa. Asubuhi yake aliposhuka kula nilidhani ameingia mtu mwingine. Uso umevimba kama donge la unga lililosahauliwa karibu na moto, macho yamebaki mikato miwili. Nikamponda kaa wa mtoni nikampaka kijana maji yake usoni na shingoni, dawa ya wazee. Kama ilimsaidia sijui, ila paka wa mtaa mzima walimfuata mpaka chooni. Baba yako akasema utomvu umempenda kupita kiasi.

Mwingine angeomba treni ya mchana. Yeye aliomba radhi kwa sura yake, akauliza kama kuna kazi nyingine mbali na chungu cha utomvu. Nikampa jiko. Basi akakanda unga, akajaza maharage matamu, akayapika maandazi kwa mvuke kwenye chombo changu cha wali. Nyumba ikanukia vizuri mno.

Sasa wewe unajua, na mimi najua, kwamba mlango wa chumba cha juu ukifungwa hakuna anayeugusa. Hata nyumba ikishika moto, unazima moto kwanza ndipo ubishe hodi. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hapa hakuna aliyewahi kuambiwa. Tumezaliwa tukijua. Yeye alichowaza ni kwamba waliopo juu hawajala tangu asubuhi. Baba yako alikuwa humo na mabakuli ya Bi Nagase, nami nilikuwa nikimsaidia hiki na kile. Tukasikia ngazi zinalia. Tukadhani ni paka. Mlango ukasukumwa kwa goti, akaingia na sinia, na upepo ukaingia naye. Unga ukapanda kutoka kwenye mikono yake mpaka kwenye mwanga wa dirisha, na sote watatu tukautazama unavyoshuka.

Baba yako hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema, "Kijana, umetuletea theluji mwezi wa sita."

Mabakuli yote yamerudi kusuguliwa kwa mkaa. Noboru alinipigia magoti akaomba abaki ayasugue, nami nikamvalisha glavu, akasugua siku mbili akiwa na uso ule. Hakuharibu hata moja. Lakini baba yako ameshatoa neno: "Si mtu mbaya. Ila ngazi ile hapandi tena, na asiyepanda ngazi ile hawezi kuwa mwana wa nyumba hii." Maandazi alikula matatu, akasema hayana ladha.

Pole, mwanangu. Nilimpenda huyo kijana. Nakuandikia mkono ukiwa mzito.

Shangazi yako,
Isoe


Osaka, 13 Julai 1958

Shangazi,

Shikamoo. Tuko salama. Uso wa Noboru umerudi mahali pake na wateja wameacha kumpa pole. Hana kinyongo na mtu, ila paka akipita anageuka njia.

Ana jambo aliniuliza tulipokuwa tunatoka stesheni. Aliniuliza, "Shangazi yako alijifunza kwa nani kupaka vile?"

Nilimwambia shangazi yangu ni msuguaji. Akanieleza alichokiona. Wewe ulikuwa umeketi dirishani, brashi mkononi, bakuli likizunguka kwenye kiganja chako, na unyoya wa kunasia vumbi uko mdomoni. Baba alikuwa ameketi nyuma yako na mikono mitupu. Alimsikia akiuliza, "Umefika ukingoni?" Na wewe ukajibu, "Nimefika, kaka." Noboru alidhani ndivyo mambo yalivyo nyumbani kwetu, wala hakujua kwamba ananifichulia kitu. Ameusifu mkono wako njia nzima.

Ulidhani hakuona. Macho yake yalivimba, shangazi, hayakupofuka.

Nimelitoa tena lile bakuli la kifundo cha mwanaume nikaliweka mbele yangu. Nilicheka, nikalia, kisha nikakasirika na hasira hazijaisha. Si kwa sababu unapaka. Kwa sababu uliniandikia kwa mkono huohuo kwamba mwanamke husugua.

Basi naomba mnisikie. Sitaki Noboru apande ngazi ile. Nataka nipande mimi, na unifundishe wewe. Yeye ataoka mikate yake popote mtakapomwambia. Mkikataa tutaoana hukuhuku kwa jina lake, na kazi ya nyumba ya Okugawa itaishia kwenye mkono ambao hakuna anayejua ni wa nani. Sitishi mtu. Nasema ninavyoona.

Chizuru


Osaka, 2 Septemba 1958

Shangazi,

Shikamoo. Niliandika mwezi wa saba, na wa nane nao umepita. Siku ya kuwakumbuka wafu nilimwekea mama maua kwenye chupa ya maziwa, sikuwa na kingine. Je, posta ya Wajima imefungwa, au mmevunjika viwiko mtaa mzima?

Sikuandika ili nikuaibishe. Nimerudia kichwani kila neno nililoliandika, na yapo mawili matatu ambayo ningeyapunguza makali. Ombi lenyewe silipunguzi. Kaka yake Noboru anataka kujua kama mdogo wake anabaki au anaondoka, nasi tunamwambia subiri, subiri, na yeye si mtu wa kusubiri.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza.

Chizuru


Wajima, 19 Oktoba 1958

Chizuru mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya barua ile nyingine pia. Posta iko wazi na viwiko ni vizima. Mpunga umevunwa, mwaka huu ni mzuri. Nilikuandikia mara nyingi na kila nilichoandika nilikichana, kwa sababu kila barua ilikuwa nzuri na hakuna iliyokuwa ya kweli.

Baba yako ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lilianza jicho la kulia, majira ya baridi ya mwaka juzi. Siku hiyo alipaka ukingo wa bakuli, kisha akaupaka tena bila kujua kwamba alishaupaka. Nilikuwa nimempelekea mkaa. Nikaichukua brashi mkononi mwake, nikasema, "Nipe nimalizie, leo tu." Hiyo leo haijaisha mpaka sasa. Alinifundisha kwa mdomo, kwa matusi kidogo, na kwa kugusa mgongo wangu ajue kama napumua. Tukakubaliana watu wasijue, maana wateja wananunua mkono wa kaka yangu Heisaku, na yeye mwenyewe alikuwa hajaweza kulisema.

Ile barua ya kifundo cha mwanaume alinitamkia nikaiandika. Alihitaji kuisikia zaidi kuliko ulivyohitaji kuisoma wewe. Lakini si hicho kilichonizuia kukujibu. Kilichonizuia ni hiki: nilikuwa na furaha. Macho ya kaka yangu yanazimika, na mimi kila asubuhi napanda ngazi ile na moyo wangu unaimba kama wa bi harusi. Ulipouliza kwa nini usiketi wewe, nilijiona kama mtu aliyekaa kwenye mto wa kukalia wa wizi akiulizwa kama kuna nafasi. Nilikuonea haya, mwanangu. Na nilikuonea wivu pia, kwa sababu wewe uliomba kwa sauti kitu ambacho mimi nilikichukua kwa kunyamaza.

Mwisho wa mwezi wa tisa nikamsomea baba yako barua yako yote, hata pale unaposema hutishi mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema chai imepoa. Siku zilizofuata tulipanda juu kama kawaida, akaketi nyuma yangu, ila hakuniuliza tena kama nimefika ukingoni. Sikujua nifurahi au niogope.

Juzi amekuja Bi Nagase mwenyewe kuchukua mabakuli yake, yale ya theluji, ambayo niliyapaka upya na safari hii yakatoka safi. Akafungua sanduku, akatoa moja, akaligeuza kwenye mwanga. Vyombo vyetu haviandikwi jina, unajua, mtu anauangalia uso wa chombo basi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni nawamiminia chai. Akasema, "Mzee Heisaku, kazi yako natumia tangu nikiwa mkwe mpya pale nyumbani. Mkono wako umekuwa mwepesi uzeeni. Zamani nilikuwa naiona nguvu yako. Sasa naona maji matupu, yametulia."

Baba yako aligeuza uso kuelekea sauti yake. Nilijua atasema asante, kama anavyosema siku zote, nami nilikuwa nimeshainamisha kichwa nimsindikize kwenye hiyo asante.

Akasema, "Si wangu. Ni wa huyu anayekumiminia chai."

Kikombe kilijaa kikamwagikia mkeka, sikukiona. Bi Nagase aliliweka bakuli chini polepole. Akajigeuza magotini mpaka akanielekea mimi, akaweka viganja chini, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Nami nilikuwa na birika mkononi na sikujua mahali pa kuliweka.

Baba yako akauliza, "Amefanya nini? Mbona kimya?"

"Ameinama, kaka."

"Ameniinamia?"

"Ameniinamia mimi."

"Ndivyo," akasema, akanyoosha kikombe chake nimmiminie.

Nililia, mwanangu, mbele ya mteja, na huku nalia nilikuwa napangusa chai. Bi Nagase ameagiza masinia ya mwaka kesho, na amesema kuanzia sasa ataniandikia mimi.

Alipoondoka nikamwuliza baba yako nikujibu nini. Alisema umwambie mwokaji wako aje, apange chumba ng'ambo ya mto aokee huko, na kabla ya kuingia humu aoge na abadili nguo. Jina letu achukue. Ngazi hapandi. Na akija alete yale maandazi yasiyo na ladha.

Nikamwuliza, "Na Chizuru? Apande?"

Akasema, "Mbona unaniuliza mimi? Chumba ni chako."

Leo nimepangusa chumba changu, sakafu na kuta. Mto wangu wa kukalia nimeusogeza pembeni, ili wako upate mwanga wa dirisha.

Shangazi yako,
Isoe